Nusu ya Sentensi

Daktari wa macho alikuwa katikati ya maelezo yake. "Mwambie," alisema, "kwamba ugonjwa huu alionao hauna..." Mkalimani, akiwa nyumbani kwake, mbali kabisa na hospitali ile, aliipeleka sentensi kwa mikono mbele ya kamera, neno baada ya neno, hadi akafika kwenye "hauna." Hapo umeme ukakatika.

Laptopu haikuzima, ilikuwa na chaji. Kilichozima ni ruta, kisanduku cheupe cha intaneti kilichotundikwa juu ya mlango. Vitaa vyake vinne vilifumba kwa pamoja. Picha kwenye kioo ikaganda. Mgonjwa, mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, kiziwi tangu kuzaliwa, alibaki ameinama mbele, mdomo wazi kidogo, macho ameyakaza kwenye mikono ya mkalimani, anasubiri neno linalofuata. Hauna madhara? Hauna dawa? Hauna haraka? Baada ya dakika moja sura yake nayo ikaondoka, yakaja maandishi ya kumtaka mkalimani aangalie mtandao wake.

"Naangalia," aliyajibu kwa sauti.

Ilikuwa sentensi yake mwenyewe ya kwanza tangu asubuhi. Kazi yake ilikuwa kuwasemea wengine. Kiziwi akifika hospitalini aliwekewa kioo cha kompyuta mezani, na ndani ya kioo akamkuta yeye, blauzi nyeusi, pazia jeusi nyuma yake, ili mikono isomeke vizuri. Daktari akizungumza, aliyageuza maneno kuwa ishara. Mgonjwa akitoa ishara, alizigeuza kuwa sauti. Siku nzima alisema "ninaumwa," "ninaogopa," "nina mimba," na hakuna hata moja lililokuwa lake. Jioni akifunga laptopu, sauti yake haikuwa na kazi tena, maana aliyeishi naye ni baba yake tu, na baba yake naye hasikii.

Alijaribu kuunganisha kwa simu. Mtaa mzima ulikuwa umekimbilia kwenye simu kama yeye, picha ikawa inakuja vipande vipande, na mikono inayorukaruka haisomeki. Akapiga namba ya kliniki. Ikaita mpaka ikachoka.

Kesho yake asubuhi msimamizi wa ofisi yao ya ukalimani alimpigia.

"Dada yangu, imekuwaje?"

"Umeme, bosi."

"Kila mtu anakatiwa umeme."

"Yule mgonjwa je? Alimaliziwa maelezo?"

"Na nani? Hakukuwa na mkalimani mwingine. Maandishi hasomi vizuri. Alikaa akikitazama kioo kama dakika arobaini, halafu akachukua mkoba wake akaondoka. Wamempa tarehe nyingine, Alhamisi ya wiki ijayo, saa kumi jioni."

"Kwa hiyo hajui ugonjwa wake hauna nini."

"Ndiyo hivyo. Na anakutaka wewe. Muuguzi anasema alikinyooshea kioo kidole, yaani yule yule." Msimamizi akakohoa kidogo. "Ila mkataba unaujua. Ukikatika mara tatu jina linatoka kwenye orodha, na hii ni ya kwanza. Tafuta umeme wa akiba, dada. Wa namna gani, mimi sijui. Wewe ndiye unayekaa huko."

Chini ya ngazi za nyumba ile kulikuwa na kinyozi mwenye jenereta. Mkalimani alishuka siku hiyo hiyo, akasimama mlangoni mpaka kichwa kilichokuwa kitini kikamalizika.

"Hilo nalo la kuomba, dada?" kinyozi alisema. "Si wewe ni jirani yangu? Teremsha waya dirishani."

"Nitachangia mafuta."

"Utachangia, ndiyo," kinyozi akadakia haraka.

Waya ukateremshwa, ukapita juu ya kibao chenye picha za mitindo ya nywele, ukaingia dukani. Kwa siku mbili mambo yalikwenda. Sharti lilikuwa moja, nalo hakuambiwa mpaka alipoligundua mwenyewe: jenereta liliunguruma pale tu palipokuwa na kichwa kitini. Intaneti ya mkalimani ikawa inategemea ndevu za watu. Alijikuta kabla ya kila kazi akichungulia dirishani kuhesabu wanaosubiri kwenye benchi, na akimwona mwenye kipara anakaa, moyo unamshuka.

Ijumaa alikuwa na mgonjwa wa jino. Daktari alikuwa anamweleza upande gani atauchoma sindano, jenereta likanyamaza. Mkalimani akatoa kichwa dirishani.

"Kaka! Bado nina mgonjwa hapa!"

"Na mimi sina mteja, dada! Niliwashie viti?"

Wapita njia wakacheka. Mmoja aliyekuwa ametoka kunyolewa akajipapasa kichwa na kusema kwa sauti kwamba, kama ni kusaidia hospitali, yuko tayari kurudi kunyolewa tena. Mkalimani akacheka nao, kwa kuwa usipocheka ndiyo umeonyesha kwamba imekuuma, kisha akafunga dirisha.

Hiyo ikawa ya pili.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, mzee wa miaka sabini na mbili ambaye bado alikaa kwenye mashine yake ya umeme kila siku akipunguza suruali za watu. Waliishi vyumba vitatu: sebule yenye cherehani, chumba cha mzee, na kijichumba cha mkalimani ambacho mchana kilikuwa ofisi na usiku kitanda. Mama yake mkalimani alikuwa amefariki mwaka uliopita, naye pia alikuwa kiziwi. Waliobaki wawili walizungumza kwa mikono, na kwa hiyo walizungumza kwa mwanga. Umeme ulipokatika jioni, mazungumzo ya nyumba hiyo yalikatika pamoja nao.

Tochi ilimwachia anayeishika mkono mmoja tu wa kusemea, kwa hiyo walijaribu mishumaa. Mshumaa ulitoa vivuli vingi kuliko mikono, na macho ya mzee hayakuwa tena ya kutunga uzi mara moja. Jioni ile ya Ijumaa alijitahidi kumfuata binti yake akimsimulia habari ya kinyozi na mwenye kipara. Alisogeza mshumaa, akasogeza kiti, akakunja uso.

"Rudia," alisema kwa mikono.

Akarudia. Kilichokuwa kichekesho dirishani kilizidi kupoa kila kiliporudiwa.

"Sikuoni, mwanangu. Utaniambia kesho."

Akachukua kikombe chake, akaenda kulala. Ilikuwa saa moja na nusu. Mkalimani alikaa peke yake mezani mpaka mshumaa ukafika nusu, akisikiliza kitanda cha baba yake kikilia kila alipojigeuza, mara nyingi mno kwa mtu aliyelala.

Jumamosi walikwenda pamoja kwenye duka la vifaa vya umeme. Mzee ndiye aliyetaka. Aliishusha ruta mlangoni, akaizungushia kipande cha kitambaa pamoja na adapta yake, akaibeba kifuani.

Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliwapangia vitu juu ya kaunta kama anayegawa karata.

"Hii ni UPS ya kompyuta. Umeme ukikatika inalia pi, pi, pi, mpaka utaitupa nje mwenyewe. Na haikufikishi mbali, nusu saa hivi. Hii ni inveta na betri lake: ruta, taa, feni, redio, unaishi kama waziri."

Akataja bei. Ilikuwa kodi yao ya miezi minne.

"Ipo ya kati. Inabeba ruta na balbu mbili."

Kodi ya mwezi na nusu.

"Na hii ndogo, ya ruta peke yake. Haina kelele, haina mwanga, haina maneno. Unaiweka kati ya ruta na ukuta, saa nne, saa tano, inashika."

Ujira wa siku sita. Mkalimani aliitazama ile ndogo kwa jicho la mtu aliyekwisha kuamua. Baba yake akaichukua mkononi, akaigeuza chini juu, akavaa miwani. Kisha akafungua kitambaa, akaisoma adapta ya ruta. Akaziweka namba mbili zile sambamba kwenye kaunta, akamgusa binti yake bega.

"Hii inatoa volti tisa. Yetu inataka kumi na mbili. Haitawaka vizuri."

Mkalimani akayasema kwa sauti. Mwenye duka akapandisha miwani, akasoma, akaguna. "Eeh, kumbe!" Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa pembeni akichagua soketi, akacheka. "Bubu huyu anajua umeme kuliko mimi!"

Mteja akacheka. Mzee hakuwa hodari wa kusoma midomo, lakini neno lile alilijua midomoni mwa watu tangu utotoni.

"Amesema nini?" alimuuliza binti yake.

"Amesema una macho makali."

Mzee akavua miwani. "Hospitalini unatafsiri yote," alisema. "Hapa unachagua."

Mwenye duka alileta nyingine ndogo, ya volti kumi na mbili. Mzee hakuigusa. Aliweka kiganja juu ya boksi la ile ya kati.

"Hii hapa. Ina balbu."

"Ni ghali, Baba."

"Ile ndogo ni ya kazi yako. Na sisi je?"

"Mwezi ujao. Nikipoteza kazi hatutakuwa hata na hiyo ndogo."

"Nusu nitatoa mimi. Nina suruali tisa za watu mezani."

"Baba, mwezi ujao."

"Mzee anasemaje?" mwenye duka aliuliza.

Mkalimani akafungua pochi. "Anasema tuchukue ndogo."

Mwenye duka akahesabu noti, akaandika risiti. "Ila nikwambie ukweli, mdogo wangu, usije ukanirudia. Kampuni yako ya intaneti nayo ina mitambo yake huko mtaani. Umeme ukikaa sana bila kurudi, betri zao zikaisha, hata ununue bwawa zima la umeme hupati kitu."

Walipotoka, mzee alitangulia. Alipita katikati ya watu akiwa amekumbatia ruta, mgongo umenyooka, hatua ndefu. Mtu kama yeye akikutangulia huna la kumfanya; ukimwita hasikii, na ili uzungumze naye ni lazima umpite. Mzee alijua hivyo. Mkalimani alimfuata nyuma njia nzima hadi nyumbani, na hakujaribu kumpita.

Mzee ndiye aliyeifunga. Alipanda kwenye kiti, akarudisha ruta juu ya mlango, akaiweka betri kando yake, akakusanya nyaya na kuzifunga kwa uzi wa cherehani, mafundo manne yaliyoachana sawasawa. Akashuka, akapangusa kiti, akarudi kwenye suruali zake.

Jumatatu jioni umeme ukakatika, na vitaa vinne vya kijani havikutikisika. Mkalimani alipiga makofi peke yake gizani. Kisha akakaa kitandani chini ya vitaa vile. Intaneti ilikuwa na nguvu kama mchana. Angeweza kumpigia yeyote popote duniani, na akashika simu, akapitisha majina kwa kidole kutoka juu hadi chini, watu wa kazini, watu wa zamani, fundi bomba, mwenye nyumba. Hakumpata wa kumwambia kwamba betri imeshika. Ukutani, upande wa pili, kitanda cha baba yake kililia mara moja, kikanyamaza.

Alhamisi mvua ilianza saa nane mchana. Kufikia saa kumi mawingu yalikuwa yameshuka juu ya mapaa na magari yalipita yamewasha taa. Mkalimani alivaa blauzi nyeusi, akawasha taa ya darini, akafungua laptopu dakika kumi kabla ya wakati.

Mwanamke yule alikuja na mdogo wake wa kike, binti anayesikia, aliyekaa pembeni akishika mkoba wa dada yake kwa mikono miwili. Mkalimani aliona mara moja kwamba hawa wawili walikuwa na ishara za jikoni, za njoo, kaa, kula. Za hospitalini hawakuwa nazo. Daktari alipoingia, kabla hajakaa sawasawa, mgonjwa aliinua mikono.

"Hauna nini?" mkalimani akasema kwa sauti, akimsemea.

"Samahani?" daktari akauliza.

"Ulisema ugonjwa wangu hauna. Halafu kioo kikazima. Siku tisa nimekaa na 'hauna.' Hauna nini?"

Daktari hakuikumbuka sentensi yake. Akafungua faili, akasoma, akavua miwani. Alipokuwa anavuta pumzi ili aseme, taa ya darini kwa mkalimani ikazimika.

Mkalimani aliinua macho mlangoni. Kijani, kijani, kijani, kijani. Kwenye kioo watu watatu walikuwa bado wanapumua, bado wanasogea. Akainua mikono kungoja neno la daktari.

"Mkalimani?" sauti ya daktari ikaja. "Tunakusikia, lakini hatukuoni. Kuko giza."

Hapo ndipo alipojitazama kwenye kipicha cha pembeni. Blauzi nyeusi, pazia jeusi, chumba cheusi. Uso ulioguswa kidogo na mwanga wa kioo, na chini yake hakuna kitu. Intaneti ilikuwepo, mikono haikuwepo.

Alivuta pazia la dirishani. Nje palikuwa na ukuta wa jirani na mvua. Aliwasha tochi ya simu, akaiegemeza kwenye kikombe. Ikateleza, ikamulika dari. Aliishika kwa mkono wa kushoto akajaribu kuongea kwa mkono wa kulia, na mgonjwa akakunja uso, akatikisa kichwa. Ilikuwa nusu lugha. Akaona mwanamke yule ameegemea nyuma kitini, na mdogo wake ameanza kukusanya mkoba, kama watu wanaojua sasa kinachofuata.

Mlango ukafunguliwa. Mashine ya mzee ilikuwa imesimama katikati ya mshono, na alikuwa amekuja kuangalia kama betri yake imeshika. Mkononi alikuwa na tochi aliyozoea kumulikia sindano. Aliviona vitaa vya kijani, akaridhika. Kisha akamwona binti yake akihangaika na simu, akaelewa yote bila kuambiwa. Akaingia, akaelekeza tochi kwenye mikono yake.

Mikono ikatokea kwenye kioo, wazi kabisa.

"Toka, Baba," mikono hiyo ilisema. "Hairuhusiwi. Ni siri za mgonjwa. Wewe unasoma."

Hilo lilikuwa sahihi. Mtu mwingine yeyote mtaani angesimama pale asielewe kitu. Baba yake angeelewa kila ishara ya mgonjwa kwenye kioo. Mzee hakutoka. Alibaki ameshika tochi, kwa kuwa akitoka mwanga unatoka naye, na wote wawili waliliona hilo.

Mkalimani akageukia kamera. Akasema kwa sauti na kwa mikono kwa pamoja, ili asikike na aonekane. "Nazungumza mimi mwenyewe, mkalimani. Aliyenishikia tochi ni baba yangu. Ni kiziwi, anaelewa ishara. Bila yeye hamnioni. Mgonjwa ndiye mwenye uamuzi."

Daktari akamgeukia mgonjwa. Mwanamke yule alifikiri, macho kwenye duara la mwanga.

"Ageuke," alisema.

Mkalimani akamwambia baba yake. Mzee akageuka, uso ukutani, karibu kabisa na chokaa, akaipandisha tochi begani mwake na kuielekeza nyuma. Mkalimani alimsogeza kiwiko kidogo, juu, kushoto, mpaka mwanga ukatulia. Mtu anayesikia akigeuza mgongo bado yumo chumbani. Mzee yule alipogeuka alikuwa ameondoka kabisa, ameacha mkono mmoja tu.

"Hauna tiba," daktari alisema. "Kwa sasa. Nasikitika."

Mwanamke akazirudia ishara zile mwenyewe, polepole, kama anayepima nguo. Kisha akaomba aambiwe yote. Daktari akaeleza. Uoni wake unapungua kutoka pembeni kuja katikati, kama mtu anayetazama kupitia bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Inaweza kuchukua miaka kumi, inaweza ikawa ishirini. Usiku na mahali penye giza ndipo patakapomsumbua kwanza.

"Tayari pananisumbua," mgonjwa alisema. "Nilidhani ni uchovu." Mikono yake ikapumzika mezani, ikainuka tena. Mkalimani akaipa sauti. "Nikiwa gizani, nani ataniambia kitu?"

Alipoisema sentensi hiyo kooni mwake mwenyewe, mkalimani alisita. Daktari naye alisita. "Kuna... kuna watu wa ustawi wa jamii," alisema. "Nitakuandikia barua." Mkalimani alitafsiri yote, hata kusita kwake.

Mwanamke hakuichukua barua iliyosogezwa mbele yake. Alimgeukia mdogo wake, akafumba macho, akanyoosha mikono. "Niambie kitu," alisema, macho yamefumbwa.

Mdogo mtu hakuelewa. Akamtazama daktari, akatazama kioo. Kisha, kwa woga, akauweka mkono wake ndani ya mikono ya dada yake na kufanya ishara mojawapo ya zile za jikoni. Mgonjwa aliufuata ule mkono kwa vidole, umbo lake, mwendo wake. Akafumbua macho.

"Chai," alisema. "Umesema chai."

Mdogo wake akaziba mdomo. Wakafanya tena. Chumvi. Tena. Moto. Daktari alitazama saa yake, halafu akaona aibu, akatazama dirishani. Hapakuwa na cha kutafsiri. Mkalimani alishusha mikono, akawaangalia wale wawili mpaka muuguzi alipoingia na kikao kikafungwa.

Jumatatu iliyofuata msimamizi alimpa onyo la maandishi kwa kuwa na mtu wa pili chumbani, akambakisha kwenye orodha, akamwagiza kununua taa. Mkalimani alirudi dukani na pesa ya suruali tisa juu ya yake, na akanunua ile ya kati. Lakini hayo ni ya Jumatatu. Alhamisi jioni, baada ya kufunga laptopu, aligeuka, akamkuta baba yake amesimama vile vile.

Hakujua kwamba kumekwisha. Kazi ilikuwa imechukua zaidi ya nusu saa, na kwa muda wote huo alikuwa ameukabili ukuta, mkono begani, tochi ikitetemeka kwa uchovu, na asingegeuka mpaka aguswe. Mwanga wake ulimulika kiti kisicho na mtu. Mkalimani akamsogelea kutoka nyuma. Kisha akaitoa tochi vidoleni mwake na kuizima.

Mzee alishtuka, akapapasa hewa. Mkalimani akaukamata mkono uliokuwa unapapasa, akauweka wake ndani yake, na taratibu, kwa ishara zilizobanwa ndani ya kiganja, akamwambia, "Imekwisha. Asante."

Mkono wa mzee ukatulia tuli. Halafu mikono yake yote miwili ikamfunika mkono, ikaugeuza, ikamjibu, kwa kasi ambayo hakuitarajia: ishara zilizofupishwa, zilizokatwa nusu, mbonyezo hapa, mkwaruzo wa kidole pale, lugha iliyolainishwa na watu wawili kwa miaka mingi. Mkalimani, ambaye kutwa aliwatafsiria watu asiowajua, hakuelewa hata moja. Akasimama gizani na kufahamu kwamba baba na mama yake, mlango ukifungwa na taa ikizimwa, walikuwa wakiongea kila siku, maisha yao yote, na kwamba tangu mwaka jana hapakuwa na mtu wa kumjibu.

"Sielewi," alimwambia kiganjani. "Polepole."

Mzee akapunguza mwendo. Akarudia moja moja, kama anayemfundisha mtoto.

"Nani amekuonyesha?"

Alimfikiria mwanamke yule na mdogo wake, chai, chumvi, moto.

"Siwezi kukuambia."

Mzee akacheka, ile sauti yake ya kicheko ambayo mwenyewe hajawahi kuisikia. Hakuuliza zaidi. Walikaa pembezoni mwa kitanda, bega kwa bega, na baada ya muda akauchukua tena mkono wa binti yake na kumuuliza kitu kingine, polepole, neno kwa neno, ili lisimpotee.

"Mvua bado?"

Mkalimani akainua uso, akasikiliza paa.

"Bado," akamwambia.